Hadithi ya Papa Mbonigaba Iliyochekwa Mahali Patatu

Wapendwa wasomaji wa gazeti letu la misioni, tunawasalimu katika Bwana. Mu hali gani huko Mushaki, Kirolirwe na Walikale? Watoto na ng'ombe ni wazima? Sisi hapa imprimeri, penye kuchapwa gazeti, tuko salama, Mungu asifiwe.

Papa Hilaire Mbonigaba atapumzika kazi tarehe 31 Agosti 1956, baada ya miaka ishirini na sita ya kupanga herufi za risasi, moja moja, kwa mukono. Katekisimu ya watoto wenu, yeye njo aliipanga. Vidole vyake ni vyeusi hata siku ya Komunyo, na mke wake, Mama Hélène, amekwisha kukata tamaa ya sabuni.

Mwaka jana alianza kutuletea hadithi aliyoitunga yeye mwenyewe. Muntu anatoka Mushaki asubuhi, anafika Hombo jioni, mwendo wa siku nyingi, kwa miguu! Sentensi moja inajaza ukurasa. Mito anaiita kwa majina ya sifa ya ng'ombe, njia anaiamuru kama mwindaji anavyoamuru mbwa wake. Padiri Benoît, mukubwa wetu, alisoma, akamshika Papa paji la uso, akidhani ana homa. Sura za kwanza zilikwisha kutoka gazetini; ya mwisho akaikataza. Papa alirudi kwenye herufi zake. Lakini mimi ninayefanya kazi karibu naye niliona ameacha kuimba.

Halafu, dominika moja baada ya Misa, Mama Mukashema wa Kirolirwe alisoma sura za kwanza kwa sauti mbele ya watu waliokuja hapa misioni kutoka pande zote. Kwenye mito, wachungaji walicheka hadi machozi. Mbele kidogo, njia ilipoamriwa kama mbwa, wawindaji wa Walikale wakapiga mapaja kwa kicheko.

"Munacheka nini, ninyi?" wachungaji wakauliza.

"Na ninyi mulicheka nini?"

Wakaanza kuelezana, chakula kikapoa. Kisha musafiri wa hadithi akaomba kila kilima kimupitishe, kwa mwendo uleule wa "utuombee, utuombee" ya litania ya watakatifu. Hapo Padiri alicheka peke yake, akakohoa.

"Mama, rudilia pale."

Sasa amekubali: sura ya mwisho itachapwa, kama kila misioni itaandika imecheka wapi na kwa nini, maelezo yawekwe chini ya ukurasa. Na Papa mwenyewe njo ataipanga.

Papa Hilaire, asante kwa kila herufi. Mungu akupe miaka mirefu, mwili mzima na nyumba yenye furaha.

Wapendwa, kupanga sura ile kunataka majuma mawili. Tunawaomba mutujibu upesi, barua zifike kabla ya tarehe 15 Agosti.

Paul Karangwa, imprimeri