Historia ya Marehemu Kausha na Uwanja Mmoja Uliobaki

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu wajomba na mashemeji waliokaa jana kuandaa historia hii walinishauri nisome mwanzo, niruke katikati, kisha nimalizie na shukrani, wakasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikawaambia jamani, mwanaharamu mwenyewe ni sisi, na mtaa mzima unaijua hiyo katikati. Naona haya kuisoma, lakini nitaisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka 1961, mtoto wa nne kati ya watoto sita, mama yetu akiwa mfua nguo za watu na baba yetu mlinzi wa ghala, na tangu utotoni alikuwa na tabia moja iliyotuchosha sote, nayo ni kwamba hakuweza kuona kitu kimemwagika akakiacha. Chai ikimwagika mezani, kabla hujageuka alikwisha chana karatasi ya daftari, mara nyingi daftari langu, akaikandamiza pale hadi meza ikauke, na mama akawa anasema, "Huyu ataoa tambara la deki."

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, baba alipofariki na yeye akaona hawezi kukaa darasani huku mama anachubuka vidole, akaenda kujifunza ufundi bomba kwa mjomba wetu, ambaye yupo hapa na atathibitisha kwamba alikuwa mwanafunzi mwepesi wa mikono na mbishi wa mdomo. Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi kilicho ng'ambo ya reli, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipostaafu.

Tarehe ishirini na tano Julai mwaka 1987 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyeketi hapa, mpishi wa shule, akawa ameoa mtu na si tambara, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu, na kijana ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa baba mcheshi, mpenda mashairi ya redioni, mkoromaji asiyekubali kwamba anakoroma, na nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni.

Mwaka 1996 kiwanda kilimfanya msimamizi wa kikosi cha tope, na kwa wale wasioijua kazi hiyo nitaieleza kama alivyonieleza mwenyewe, tena na tena, hata nilipokuwa sitaki. Mitambo ya rangi ikioshwa huacha tope zito lenye dawa, na mapipa nayo hupasuka yakamwaga, sasa kitu kama hicho huwezi kukibeba kwa koleo wala kukipakia kwenye lori, kinachuruzika. Basi huchukuliwa karatasi kuukuu, magazeti, maboksi, madaftari ya shule yaliyokwisha kujaa, yakasagwa mashineni mpaka yawe nyuzinyuzi laini za kijivu, mfano wa pamba iliyochambuliwa na mvivu, nazo zikimwagwa juu ya tope zinakunywa, zinakunywa, hadi tope linakuwa kama udongo wa bustani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, yeye akawa anajibu, "Wahenga hawakuwa na gazeti la jana." Hapo ndipo alipopata jina la Kausha, na sisi nyumbani tukalizoea kuliko lile la ubatizo.

Ili kujua kama tope limekwisha kuwa tayari, kikosi chake kilikuwa na mtihani wa ngumi, yaani unachota konzi moja, unaikamua kwa nguvu zako zote, na lisipodondoka tone basi limekauka, lipakieni. Kutoka hapo lilitakiwa kwenda kuchomwa katika tanuri maalumu, maana nyuzi zile zinaishika sumu, haziiui, na jambo hilo alifundishwa, cheti chake kipo ukutani sebuleni. Lakini ngumi yake haikuwahi kumdanganya kwa miaka kumi na mitatu, naye akaiamini kuliko cheti.

Mwaka 2009, mtakumbuka, mvua ziliharibu njia yetu ya mtaa, watoto wakawa wanavuka kwa kushikana mikono, na marehemu, kwa huruma kabisa, sisemi kwa ubaya, alileta malori ya udongo ule mkavu kutoka kiwandani, akafukia madimbwi yote ya njia, na ulipobaki akasawazisha na viwanja vya nyumba zetu. Mlimpigia makofi. Mlimchagua mwenyekiti wa mtaa bila mpinzani, na mimi nilivaa nguo mpya siku hiyo, nikatembea mbele yenu kifua mbele kama mimi ndiye niliyechaguliwa.

Ngumi ya mtu si tairi la lori, na konzi moja si masika mawili. Mwaka 2011 udongo ule ulikandamizwa na magari, ukalowa, ukaanza kurudisha ulichokunywa, madimbwi yakawa na utando wa rangi rangi, mchicha ukanyauka, na kisima cha jirani yake, fundi cherehani, anayeshona magauni ya harusi, kikaharibika kabla ya vingine kwa kuwa kiko bondeni. Fundi alifua gauni jeupe la bibi harusi, likatoka na madoa ya bluu, harusi ikiwa keshokutwa yake. Akaja nalo kwenye mkutano wa mtaa, akalinyanyua mbele za watu, akauliza, "Jamani, haya maji yana nini?"

Mdogo wangu, akiwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, alizitambua rangi zile, maana alikuwa akizikamua kila siku, akamjibu, "Labda ni sabuni, dada. Siku hizi sabuni zenyewe feki." Watu wakacheka. Wakatoka pale wakimwita yule mama Mama Sabuni, jina likavuka mtaa, likawafikia maharusi, na mtu ambaye watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake akabaki kushona viraka vya sare za shule. Kwa miaka minne mdogo wangu alikausha, na mnajua kukausha kwa maana ile nyingine ya vijana, kunyamaza kama hukuona, huku anapita mbele ya geti lile asubuhi na jioni. Lo! Hata leo nikisema nasikia mashavu yanawaka.

Mwaka 2015, wifi alipokuwa akipalilia uani kwao, marehemu alichota udongo pale pale, akaukamua, na maji ya bluu yakamtoka katikati ya vidole. Wifi anasema alikaa chini na nguo zake za kazini, akalia kama mtoto. Jumapili iliyofuata aliitisha mkutano, akasimama badala ya kukaa, akasema yote, ikiwa ni pamoja na lile neno la sabuni, na muungwana akivuliwa nguo huchutama, yeye alikubali kila mliloropoka siku ile, na wengine mliropoka vizuri sana. Uenyekiti aliuacha hapo hapo.

Tangu hapo hadi mwanzoni mwa mwaka jana, kazi yake ikawa kuchimbua alichofukia, njia nzima kwanza, halafu uwanja kwa uwanja, anamwaga nyuzi mpya kwenye mashimo zinywe maji yaliyotuama, anachimba, anapakia, na safari hii kila lori lilikwenda tanurini, yeye mwenyewe akiwa amekaa juu yake. Majirani mmoja mmoja walimfungulia, wengine kwa maneno makali, wengine kwa kikombe cha chai. Uwanja mmoja tu haukufunguliwa, nao ni wa fundi. Kila kiangazi alikwenda na jembe lake, akabisha, na fundi akamjibu kutoka ndani neno lile lile, "Hapa hakuna cha kuchimba. Si ni sabuni?" Naye akarudi nyumbani, hakuwahi kumbishia, yeye aliyebisha na kila mtu.

Mwezi Februari mwaka jana marehemu alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na usemi wake wote ukabaki maneno machache, ambayo sisi tuliyaelewa kwa shida, isipokuwa moja alilolisema wazi kila tulipomgeuza kitandani, "Bado mmoja." Wauguzi walidhani anahesabu vidonge. Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, inawashukuru wenzake wa kikosi cha tope waliomwazima lori na mikono yao hata wakuu wao walipokuwa hawataki kusikia habari hizi, na inawashukuru ninyi majirani mliokuja, ambao mngeweza kabisa kubaki majumbani mwenu, na tusingewalaumu.

Na fundi, nimekuona. Umekaa nyuma kabisa, juu ya kigoda ulichotoka nacho kwako, hukutaka kiti chetu, na una haki. Hatukuombi msamaha hapa mbele za watu, huku marehemu amelala katikati yetu, kwa sababu hiyo itakuwa kukukaba koo, na ulikwisha kukabwa mbele za watu mara moja. Ninachoomba nawaomba hawa waliocheka, na wengi wenu mpo, jina la Mama Sabuni tulizike leo pamoja na aliyelianzisha, lisitamkwe tena. Kesho asubuhi mimi na watoto wake wawili tutabisha getini kwako na majembe. Ukifungua tutachimba, usipofungua tutarudi nyumbani, na siku nyingine tutabisha tena.

Mwisho wa karatasi hii wameniandikia maneno ambayo kila marehemu huambiwa, na mimi namjua mdogo wangu, akiambiwa hivyo sasa hivi angebisha. Basi nitasema nusu. Pumzika, mdogo wangu. Hiyo amani tutaifuata sisi, kesho, kwa fundi.