Udongo wa Bure

Ndani ya gari la abiria aina ya Noah lililotoka Endabash kwenda Karatu, nilikaa nyuma ya watu wawili wasiofahamiana. Mmoja alijitambulisha kuwa ni Noel, msimamizi wa ujenzi. Wa pili alikuwa mama aliyepakata fungu la mchicha. Noel alimweleza kwamba gereji ya zamani ya malori inageuzwa kuwa loji rafiki wa mazingira. "Hatutupi kitu, mama. Hata udongo tuliouchimba pale tumewagawia wakulima bure."

"Naujua, mwanangu. Lori zima mlilimwaga bustanini kwangu. Nikimwagilia, maji yananuka oili. Njooni muuzoe, bustani ile ndiyo inayotulisha."

"Umepimwa, mama. Ni salama kabisa."

"Aliyeupima naye mlimpelekea lori?"

Noel alitaja cheti. Nijuavyo mimi, cheti hakijawahi kula mchicha.

Gari liliposimama mbele ya loji, mama alimkabidhi lile fungu. "Kapike leo, ule na watoto. Umeota kwenye udongo wenu."

Noel alishukuru kwa adabu zote. Kisha alishuka, akafunga mlango taratibu, na mchicha ukabaki kwenye kiti.