Maisha ya Mama Milka Nyasuguta na Basari ya Werema

Bwana mchungaji, bwana chifu, wazee wa ukoo, akina mama mliokesha nasi tangu Jumapili, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwenye jua, nawasalimu wote. Naitwa Nyamhanga, mdogo wake marehemu Mirumbe, na jamaa wamenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu. Wameniambia nisome polepole na nisichekeshe watu msibani. Polepole nitajaribu.

Milka Nyasuguta alizaliwa mwaka wa 1920, si mbali na hapa Kehancha, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Maroa. Tarehe hakuna aliyeiandika, ila mama yake alikuwa akisema ni siku za kuvuna wimbi. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1931 hadi 1933, akaishia darasa la pili, akatolewa ili alee wadogo zake, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, kwa maana aliwashinda wavulana wote hesabu, na baadhi ya wavulana hao ndio wazee hawa mnaowaona wamekaa mbele na fimbo zao.

Tarehe 20 Agosti 1938 aliolewa na kaka yangu Mirumbe, na mwaka wa 1940 wakahamia Macalder, kaka akichimba migodini, yeye akiwauzia wachimbaji uji. Walijaliwa watoto wanne, wawili Mungu akawachukua wakiwa wachanga, wakabaki Robi, aliyeolewa Isebania, na Werema, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1944. Kaka alifariki kwa homa tarehe 9 Novemba 1957, ndipo Milka akarudi nyumbani na watoto, akawa analima mashamba ya watu, jembe begani kabla jogoo hajawika, na ng'ombe hana hata mmoja, na ninyi mnajua sisi Wakuria tunavyomtazama mtu asiye na ng'ombe.

Sasa sikilizeni. Werema alimaliza kidato cha sita mwishoni mwa 1963, siku zile zile za Uhuru, na matokeo yalipotoka akaitwa chuo kikuu Nairobi kusomea udaktari wa mifugo. Loo! Mtoto wa nyumba isiyo na mkia wa ng'ombe, aende akatibu ng'ombe wa nchi nzima! Ada ingetoka wapi? Lakini serikali ilikuwa na basari kwa watoto wa maskini, na kabla ya kuitoa, afisa alitumwa kutoka Homa Bay aione nyumba ya mwombaji kwa macho yake, naye alikuwa bwana Javan, Mluo wa kule ziwani, mtu wa miwani na maneno machache.

Akaja Jumanne, tarehe 5 Mei 1964, na hapo ndipo tulipofanya maajabu. Kijiji kizima kilisema mgeni wa serikali, tena serikali yetu wenyewe, hawezi kupokewa kwa mikono mitupu, tutaaibika mpaka Tanganyika watusikie. Nyaboke, jirani yake wa karibu, akaleta vikombe vya maua na kitambaa cha meza, mwalimu akaleta viti vyake, mtu mwingine akaleta gramafoni, na Gisiri, ambaye hajawahi kufanya jambo dogo tangu azaliwe, akaswaga ng'ombe wake wote akawajaza katika zizi la marehemu kaka, zizi lililokuwa limeota magugu. Shemeji alisimama mlangoni akiitazama nyumba yake, akasema moyoni kwamba Mirumbe angekuwepo angefurahi, na wala hakuona ubaya, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kumpokea mgeni.

Bwana Javan akala kuku, akanywa chai, akasikiliza gramafoni, kisha akauliza kama ng'ombe wale ni wa nyumba ile. Kabla Milka hajafungua kinywa, Gisiri alishamjibia: "Ndiyo, bwana, na wengine bado wako malishoni!"

Wiki haikuisha, chifu akaja na habari kwamba basari imekataliwa, kwamba afisa amesema kumpa mtoto wa tajiri vile ni kuwaibia mayatima. Jamani, Milka alilia. Alilia waziwazi uani, maana chuo kingefunguliwa Julai na nafasi ya Werema ingepewa mwingine. Alipomaliza kulia alijifunga kanga kiunoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na kila alipoingia alisema neno lile lile: "Mlinipamba, sasa mnivue," akitaka kila mtu aende Homa Bay akaseme vitu vile vilikuwa vya nani.

Msidhani lilikuwa jambo rahisi. Kwetu, kumdai mtu kitu ulichomwazima mbele ya mgeni ni aibu, na kusema hadharani kwamba jirani yako ni fukara ni tusi. Nyaboke alikubali huku akijifuta machozi. Gisiri alikataa katakata, akauliza kama mtu mzima wa rika lake ataenda kusimama mbele ya Waluo aseme alidanganya. Milka akaketi penye lango la boma lake, ng'ombe wakashindwa kutoka, akamwambia, "Uongo uliusema kwa heshima yangu, ukweli uuseme kwa ajili ya mtoto." Gisiri akatukana kidogo, akakohoa, akaenda kutafuta kofia yake.

Alhamisi, tarehe 28 Mei, siku kamati ya basari ilipokutana, tulipanda lori la mahindi kwenda Homa Bay, na vitu vyetu vyote, viti, vikombe, kitambaa, gramafoni, na Gisiri, kwa kuwa hangeweza kubeba zizi, akapakia ndama mmoja. Tulipofika tukavipanga uani mbele ya ofisi, ndama akalia, akafanya haja yake palepale kwenye ngazi, na wazee wa kamati wakatoka nje kuona kumezuka nini.

Nyaboke alianza. "Hizi vikombe ni zangu, bwana. Ile ulikunywa nayo iko na ufa, angalia." Bwana Javan akakitazama, akakitambua. Mwalimu akasema viti ni vyake, mwenye gramafoni akasema yake, na mwisho Gisiri akavua kofia, jasho likimtoka, akasema, "Ng'ombe zote zilikuwa yangu. Huyu mama hana hata kwato." Nawaambieni, nilimwona mtu shujaa siku ile.

Bwana Javan akamgeukia Milka akamuuliza, basi chako hapa ni kipi? Shemeji yangu akamshika Werema bega, akamsukuma mbele, akasema, "Changu ni huyu."

Bwana Javan akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani, akawaambia wenzake kwamba hata kwao mama yake aliwahi kuazima kitanda ili mgeni asilale chini. Wakarudi ndani, sisi tukabaki uani tumeshikana mikono, na mlango ulipofunguliwa bwana Javan alisema neno moja tu: "Amepata!" Vigelegele vilivyopigwa pale, wavuvi walivisikia ziwani. Gisiri alicheza, ndama akakimbia, tukamkamata sokoni.

Werema aliingia chuoni Julai 1964, akafuzu, na siku ya mahafali, tarehe 22 Machi 1968, Milka alikuwa Nairobi kwa mara ya kwanza, akaliita jina la mwanawe kwa sauti mpaka bawabu akamwomba anyamaze, naye hakunyamaza.

Aprili akaanza kuumwa tumbo, akatibiwa zahanati hapa Kehancha, kisha Migori, kisha Homa Bay. Hata katika ugonjwa huo, aliposikia Rispa, binti wa Nyaboke, ameomba basari na afisa anakuja, alijikokota hadi kwao, akakuta wameazima kabati, akawafokea mpaka wakalirudisha. Alifariki Homa Bay Jumapili, tarehe 23 Juni 1968, saa kumi alasiri, Robi na Werema wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika tangu siku ile, akina mama wa kanisa, na wakulima wenzake waliomlimia alipolala kitandani. Mungu awalipe, sisi hatuwezi.

Jambo la mwisho halikuwa katika karatasi hii. Jana jioni, mwili ukiwa umeshaletwa nyumbani, bwana chifu aliingia uani, akasema Rispa amepata. Nyaboke alikuwa analia, akapiga kigelegele katikati ya kilio, wanawake wakaitikia, na sisi wazee tukakasirika, tukasema msiba una heshima yake. Werema akasimama penye jeneza la mama yake, akasema, "Pigeni tena, hajasikia vizuri." Wakapiga.

Kwa desturi jirani wa karibu hasafiri kabla ya matanga kwisha, lakini jamaa tumekaa, tumemruhusu. Shemeji, Rispa anaondoka Jumatatu kwenda chuoni. Pumzika sasa, kwa amani.