Mbao Kumi na Moja za Mzee Verlon Teague

Jumamosi hii, tarehe 1 Juni 2024, Mzee Verlon Teague anastaafu baada ya kulitunza jukwaa letu la muziki hapa Cutler's Bend kwa miaka arobaini na mmoja. Nilipopewa kazi ya kumwandikia haya, nilidhani nitamaliza mtoto akiwa bado amelala. Mtoto ameamka mara tano, na mimi bado nimechanganyikiwa.

Alianza mwaka 1983 kama fundi seremala. Enzi hizo, anasema, baadhi ya wazee wa fidla walikuwa bado wananuna wakiona ngoma jukwaani, kwa hiyo mpiga ngoma alifichwa nyuma ya pazia. Mzee Verlon ndiye aliyekuwa akilisogeza pazia hilo inchi moja kila wiki. Ilipofika Krismasi, mpiga ngoma alikuwa anaonekana mzima, na hakuna aliyekumbuka ni lini alitoka. Ametengeneza ngazi, milango, viti mia nne, na mguu wa bandia wa paka wa jikoni. Paka aliukataa.

Lakini kazi iliyompa jina ni kuutunza ubao wa sakafu wa mwimbaji Opaline Rudd. Kila mmoja wetu anaijua habari hiyo. Mwaka 1949 mwanamke hakuruhusiwa kupanda jukwaani hapa bila mume au kaka zake. Usiku ule gari la kaka zake Opaline lilikwama kwenye theluji darajani, naye akapanda peke yake na gitaa lake, akaitwa arudi kuimba mara nne. Tangu hapo kila mwimbaji hugusa ubao ule aliosimamia kwa ncha ya kiatu kabla ya kufungua mdomo.

Mwezi huu uongozi uliamua kuweka sakafu mpya. Ubao wa Opaline ungekatwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo mlangoni, na mbao nyingine kumi za mstari wa mbele zingetupwa. Mzee Verlon angeuonyesha ubao wenyewe Jumamosi mbele ya wageni. Mimi niliambiwa niandike maneno ya kwenye kioo.

Nikauliza ni upi. Bi Nola wa jikoni, huku akinipakulia maharage na mkate wa mahindi, alisema ni wa nne kutoka kushoto, na asiyejua hilo ni mgeni. Buell wa fidla aliapa ni wa sita, akaongeza kwamba Nola hajui hata kushoto kwake. Bamba la shaba lenye jina la Opaline limepigiliwa kwenye wa tano. Siku ya Jumanne nikamfuata Mzee Verlon mwenyewe.

Alivua kofia, akaiangalia ndani kama vile jibu liliandikwa humo.

"Binti, mimi sijui."

Kisha akanieleza. Mafuriko ya 2010 yalipoingia ukumbini, alikuja na boti, akazing'oa mbao zote kumi na moja, akautia ule wa Opaline alama ya chaki, akazipeleka kwake zikauke. Asubuhi alipoamka alimkuta mkewe, Lurleen, amepiga magoti uani. Alikuwa amezisugua zote kwa sabuni mpaka zikang'aa, na chaki imeondoka na matope. Lurleen alikuwa na furaha sana, anasema Mzee Verlon. Hakumwambia kuhusu chaki; alizirudisha tu mbao, akalipigilia bamba kwa kubahatisha. Lurleen alifariki miaka mitatu iliyopita akijua kwamba aliuokoa ubao.

Nilimshika mkono. Halafu nikamwambia kwamba mimi uongo siandiki, na kwamba habari hii atamwambia Bwana Ketchum, meneja wetu, yeye mwenyewe, kabla ya chakula cha mchana. Alikwenda. Walikaa ndani muda mrefu, na sisi nje hatukujua tushike lipi. Mlango ulipofunguka, Bwana Ketchum naye alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Kwa hiyo miaka kumi na minne hii nimekuwa nikigusa ubao gani?"

"Hata mimi najiuliza, bosi," alisema Mzee Verlon.

Bado tunajiuliza. Lakini mpango wa kabati la kioo umefutwa, na mbao zote kumi na moja zinabaki pale pale zilipo. Sakafu mpya itazizunguka. Waimbaji wanauliza sasa waguse upi. Watembee juu ya mstari wote tu, watakuwa wameugusa.

Bamba jipya limeshachongwa. Linasema: "Opaline Rudd alisimama kwenye mojawapo ya mbao hizi. Lurleen Teague aliziosha zote."

Mzee Verlon, asante kwa kila msumari, na asante kwa kusema ukweli hata kama umetuacha njia panda. Uwe na afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na haraka. Jukwaa tutalifagia kila siku. Sabuni hatutatia.