Mbuzi wa Ismail

Sogeeni hapa, wanangu. Heriel, funga hilo dirisha, kelele za Kariakoo zinanishinda. Mektilda, nishike mkono. Maneno ninayo, pumzi ndiyo haba.

Ya mali ni mafupi. Duka la spea la Gerezani ni lako, Mektilda, wewe ndiye uliyelibeba miaka yote niliyougua. Kihamba cha Machame, lile shamba letu la migomba, ni cha Heriel, kitinda mimba, kama desturi yetu ilivyo. Msigombane, mkigombana nitawasikia hukohuko. Lakini sikuwaita kwa hayo.

Ile nishani ukutani, mmekua mkiambiwa baba alimtoa dereva kwenye lori lililokuwa likiungua, vita ya Kagera. Ni kweli nilimtoa. Ila aliyetangulia kuingia motoni ni baba yenu mdogo Ismail, huyu wa mtaa wa pili, askari mwenzangu, na mimi nilimfuata kwa sababu niliona aibu kubaki. Yeye aliungua viganja vyote viwili, akapelekwa hospitali. Afande alipokuja kuuliza nani kamwokoa dereva, nilijibu, "Mimi, afande." Sikudanganya. Nilinyamaza tu palipotakiwa jina la pili, na nimenyamaza hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Ismail hakudai kitu. Kila Krismasi alipanda basi nasi hadi Machame, akatuchinjia mbuzi kwa vidole vile vilivyokunjamana, ili Mkristo na Mwislamu tule sahani moja. Mpaka siku ya kipaimara chako, Heriel, alipowatania wageni, "Nusu ya hiyo nishani ni yangu." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilihisi nimeitwa mwizi mbele za watu. Krismasi ile nikaamka alfajiri, nikamchinja mbuzi mwenyewe. Mnakumbuka? Aliuliza, "Kaka, nani kachinja?" Nikasema, "Mimi." Akanawa mikono, akaomba ndizi zisizo na nyama, akamsifu marehemu mama yenu kwa mapishi, kesho yake akaondoka. Miaka kumi na miwili sasa hajakanyaga kwetu, na hajanisema kwa mtu. Nampenda yule mtu, wanangu, na nilimnyima chakula mezani kwangu.

Basi sikilizeni. Huyo mbuzi mnayemsikia uani nimemwagiza mimi, na si wa matanga. Heriel, shusha nishani, mpelekee Ismail sasa hivi. Mwamkie, kisha umweleze haya yote mbele ya wanawe, usiruke neno. Mwambie kaka yake anamwomba aje na kisu chake. Asipotaka kuja, msimlaumu, na siku ya kunizika pikeni maharage. Mtu asichinje.

Mungu awaweke, wanangu... Mektilda, niinulie mto kidogo. Hapo. Mungu awape mtu wa kuingia naye motoni, na awape mdomo wa kumtaja.

Nenda, mwanangu. Angalia magari hapo Msimbazi, usivuke mbiombio. Mbuzi atangoja. Na mimi... na mimi nitajitahidi.