Bi Subiri, Aliyesimamisha Kalamu ya Waziri

Binti yangu wa kwanza anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia Sekretarieti ya Jumuiya miaka thelathini na minne. Kwa desturi, makala haya huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Lakini kitengo cha nyaraka kina makarani wa nchi saba, na kila nchi ilitaka mwandishi atoke kwake. Hawa hawapigi kura. Ni mpaka wote wakubaliane. Wamekaa vikao vitatu, chai imekwisha, maafikiano hakuna. Ndipo mmoja akasema, basi aandike mama yake, na wote wakaridhia. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini huyu mtu namjua tangu hana meno.

Alianza kazi ya kubeba majalada. Mwezi wa kwanza alichanganya bendera mbili zinazofanana, mabalozi wawili wakakaa kila mmoja na bendera ya mwenzake mpaka mkutano ukaisha. Walicheka sana. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hukagua kila kitu mara mbili, hata mboga zangu.

Majirani huniuliza, hivi mwanao anafanya nini hasa? Nawajibu kama alivyonifundisha tukimenya viazi. Sekretarieti huandika pendekezo la sheria. Bunge, lenye wabunge wa nchi zote, hulichambua na kulirekebisha. Baraza la Mawaziri huliridhia. Mahakama imekaa pembeni kama shangazi mkali, inamngoja atakayekosea. Na sheria haiwi sheria mpaka Bunge na Baraza wakubali karatasi ileile, neno kwa neno. Kuhakikisha karatasi ni ileile, hiyo ndiyo kazi ya mwanangu. Wakubwa husaini, yeye ndiye anayejua wanasaini nini.

Mwaka wake wa pili, mawaziri saba walikutana kusaini sheria ya kutambuliana vyeti vya wauguzi. Kamera zimewashwa, mwenyekiti ameshafungua kalamu. Binti yangu, safu ya nyuma karibu na mlango, akipitia nakala iliyogawiwa ukumbini, akaona ukurasa wa nne umekuwa mfupi. Bunge lilikuwa limeongeza wakunga katika kifungu cha sita. Mezani kumewekwa nakala ya zamani. Akajikuta amesimama: "Mheshimiwa, subiri kwanza!"

Mwenyekiti akainua kalamu. Mkuu wake akamtoa nje kwa kidole, akamwambia aende nyumbani akangoje barua. Mkataba wake ulikuwa wa muda. Barua moja tu ingemmaliza. Siku tatu alishinda sebuleni kwangu amevaa nguo za kazini, hali chakula, kila kishindo mlangoni anashtuka. Nilimwambia, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Kama ulilosema ni kweli, kaa ule. Nikasema hivyo huku natia chumvi kwenye chai.

Siku ya nne mkuu wake alikuja mwenyewe. Wanasheria walikuwa wamelinganisha nakala. Ingesainiwa ile ya mezani, Mahakama ingeifuta sheria nzima na kazi ya miaka mitano ingepotea. Aliomba radhi mbele yangu. Sheria ikasainiwa, wakunga wamo. Mdogo wa binti yangu, wakati ule yuko shule, leo ni mkunga nchi jirani kwa kifungu hichohicho cha sita. Sijisifu, nasema tu.

Mawaziri wakampa jina la Bi Subiri. Nchi hupokezana uenyekiti kila mwaka, na kila mwenyekiti aliyekuja baadaye, kabla ya kusaini, aligeuka kwanza kutazama safu ya nyuma. Binti yangu akiitikia kwa kichwa, kalamu inashuka. Amepanda hadi Mkuu wa Nyaraka, amefundisha makarani kumi na tisa kusoma kwa rula, mstari kwa mstari. Kiti cha mbele walimpa. Alikikataa, eti huko mlango hauonekani.

Asanteni nyote kwa kunitunzia mwanangu, na kwa kukubaliana angalau safari hii. Binti yangu, kazi umeimaliza na uso wako uko juu. Tunakutakia afya, usingizi mtamu wa asubuhi na siku nyingi za furaha. Kiti chako kipo mezani kwangu, ubavuni mwangu, na mlango unaonekana vizuri. Ila ujue mapema: nyumbani kwangu uenyekiti haupokezanwi.

Mama yake