Bwana Toa, Aliyekaanga Kahawa kwa Sikio

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mama muuza karanga. Mama alidai mwanawe aliujua mlio wa karanga motoni kabla ya kujua jina lake. Mama alipenda kutia chumvi.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Ana masikio, ila hasikii."

Mwaka 1970 alifungua chumba cha kukaangia kahawa nyuma ya duka la viatu. Hakutazama rangi ya buni wala saa. Alifumba macho na kusikiliza: buni zikapasuka mara ya kwanza, akatulia, zikianza kupasuka mara ya pili, alipaza sauti, "Toa!" na karai likaipuliwa. Ndipo mtaa ukambatiza Bwana Toa. Pua nayo haikuwa haba. Mimi mdogo wake, dalali wa buni, nilimpelekea gunia la buni nikisema ni za milimani, kama nami nilivyouziwa. Akanusa kiganja kimoja.

"Nusu ni ya bondeni. Ujanja huu umefundishwa na mama yako?"

"Mama yetu, kaka."

"Basi punguza bei."

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979. Katikati ya viapo, wapishi wakaanza kukaanga bisi jikoni. Bwana harusi aliuachia mkono wa bibi harusi, akakimbia, akaipua sufuria, akarudi na masizi kifuani.

"Sasa endelea," akamwambia mfungisha ndoa.

"Hapana," akasema shemeji yangu. "Kwanza niulizwe upya mimi."

Akaulizwa. Alifikiri mpaka wazee wakatoka jasho, kisha akakubali. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 figo zilimsumbua, na daktari akamkataza kahawa.

"Na kunusa?"

"Nusa tu, mzee."

Kitanda kikahamia chumba cha kukaangia. Binti alitaka kurithi karai. Baba hakuamini sikio la mtu mwingine. Mimi nilishauri tuliuze pamoja na chumba kabla wateja hawajatukimbia. Nilishapata hata mnunuzi. Kila asubuhi binti alikaanga, na baba akamuwahi: "Toa!"

"Baba, nilikuwa natoa!"

"Ungetoa mkaa."

Jumamosi, tarehe 10 Juni 2023, buni zilianza kupasuka mara ya pili, kitandani kimya. Binti aliipua karai, akakimbilia kitandani. Baba alikuwa macho, anamtazama.

"Mbona hukusema kitu?"

"Umeshatoa. Niseme nini?" Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni. "Wewe dalali, mwambie mnunuzi wako karai haliuzwi."

Alifariki alfajiri iliyofuata, usingizini.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja na karai. Kahawa mtakayokunywa baada ya mazishi imekaangwa na binti. Msilalamike, aliyekuwa na haki hiyo ndiye tunayemzika.

Kaka, karai limeshaipuliwa. Pumzika kwa amani.